Chupa za Gololi na Kiapo Nilichokataa

Waceke, katibu wa akina mama kanisani, amekuja kwangu mara tatu akitaka niandike maisha yangu katika kile kitabu cha kumbukumbu za wazee. Mara ya kwanza nilimwambia nina mahindi ya kupukuchua. Mara ya pili nikasingizia macho. Mara ya tatu alikuja na kalamu na daftari jipya, akaviweka mezani, akanywa chai yangu, akaenda zake. Haya basi. Anachotaka yeye ni vile nilivyookoka na vile nilivyolea watoto. Hayo wataandika wengine. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, sina herufi za kutupa. Nitaandika mwaka wa hamsini na saba tu, na asiyetaka afunge kitabu.

Wakati ule wa hali ya hatari tulikuwa tumekusanywa kijijini, huku upande wa Gitothua, tumezungushiwa handaki na miti iliyochongwa, lango moja. Mume wangu Ephantus alikuwa kizuizini. Nilikuwa na mtoto mmoja, Macharia, niliyemwacha na mama mkwe kila asubuhi. Mwanamke asiye na kazi alipigiwa filimbi akachimbe matuta na barabara mpaka jua litue. Mwenye kazi alikuwa na barua ya mwajiri, na kwa barua hiyo hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alimfungulia lango. Barua yangu ilitoka Thika, kwa Mzee Tayabali. Ukiielewa hiyo barua, umeelewa mengine yote.

Mzee Tayabali alikuwa Mhindi Mwislamu. Mbele aliuza vitambaa. Nyuma alikuwa na chumba kirefu chenye giza, na humo tulitengeneza mafuta ya kunukia. Nasema mafuta. Marashi ya Wazungu yalikuwa na spiriti, ukijipaka yanapaa. Yake yalikuwa mafuta matupu, ya waridi, ya sandali, ya asumini, yamelala wiki kadhaa kwenye mitungi ya kioo, kisha yamechujwa kwa pamba. Wateja wake walikuwa Waislamu wa Mombasa na Lamu, watu wanaotaka kujipaka na kwenda kuswali bila wasiwasi. Kila katoni ilibandikwa karatasi: hayana kileo. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa duka lake, si vitambaa.

Mwaka ule alileta chupa mpya kutoka ng'ambo, ndogo kama kidole, zenye gololi ya kioo mdomoni. Unaigeuza, unaiviringisha mkononi, gololi inalamba mafuta na kukupaka. Tulizipenda mno. Kujaza ilikuwa kazi yangu na ya Nekoye, Mbukusu ambaye mumewe alifanya kazi kwenye mkonge. Unatia mafuta kwa faneli ndogo, unaweka gololi, unaisukuma kwa kidole gumba mpaka isikike ikiingia. Kidole changu kiliota sugu ambayo ninayo mpaka leo. Katoni ukishaijaza, unaifunga kwa uzi wa rangi yako. Wangu ulikuwa wa bluu. Mzee alikuwa akiwaambia wageni, "Bluu hapana haja ya kufungua," nami nilijifanya sikusikia.

Adui wa mafuta ni maji. Tone moja likibaki ndani ya chupa, mafuta yanashika ukungu, na mteja anayarudisha. Kwa hivyo tuliosha chupa, tukazipindua juani siku nzima, tukazisuuza kwa mafuta meupe yasiyo na harufu, tukazipindua tena. Kwenye moto zilipasuka, zilikuwa nyembamba. Njia ilikuwa hiyo moja, ndefu.

Sasa fikiria mwezi wa nne Thika. Mvua haikukatika, nao ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Mombasa ilitaka mzigo wake kabla ya Idi. Chupa zililala juu ya matambara siku tatu, bado zina jasho. Wambua, Mkamba aliyekuwa mkubwa wetu, alizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Siku ya nne hedimani alifunga lango. Tulipangwa mistari kwenye mvua tukahesabiwa mara mbili, na nilipofika Thika ilikuwa saa saba mchana.

"Mama Macharia!" Nekoye akaniita kutoka ndani. "Umekuja kututembelea? Ungetuma habari tuchinje kuku."

"Tumehesabiwa kama mbuzi, niache."

"Basi keti, mbuzi wa watu. Kazi yako nimekuchungia."

Akanionyesha. Dazeni ishirini za chupa, kavu, zinang'aa. Karibu nusu zimekwisha kujazwa. Na nje mvua inapiga mabati.

"Zimekaushwa na nini?"

"Na akili."

"Nekoye."

"Na dawa ya karabai! Usinitolee macho. Unatia kidogo, unatikisa, unamwaga, inapaa yenyewe kabla hujapiga chafya. Wambua amesema zisipoisha leo ataandika nani hakuja. Nani hakuja? Ni mimi? Nimekuokoa, dada yangu, na wewe unaninunia."

Dawa ya karabai ni spiriti, ile ya kuwashia taa. Nilichukua chupa iliyojaa nikaiviringisha mkononi. Juu waridi, chini yake taa. Kidogo tu, lakini pua yangu haikuwahi kunidanganya.

"Umeweka haramu ya watu," nikamwambia.

"Haramu gani? Imeshapaa! Hata mtoto wangu nampaka hiyo akiumwa na jino."

Hakuwa na ubaya. Kwake kileo ni kile kinachonywewa.

Zile tupu tulizisuuza upya kwa mafuta. Zilizojaa zilikuwa dazeni tisa. Kuzimwaga kulihitaji kumwambia Wambua, na kumwambia Wambua ni Nekoye kufukuzwa, na pengine mimi pia kwa kuchelewa. Nilisimama hapo na faneli mkononi. Halafu nikazipakia na kuzifunga kwa uzi wangu wa bluu. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata Ephantus alipokufa hakuwa analijua. Niliujua ubaya na nikaufunga fundo.

Katoni zilirudi kabla ya Idi. Mfanyabiashara wa Mombasa alikuwa amezifungua msikitini mbele ya wazee, na mzee mmoja aliyeviringisha gololi mkononi akainuka akaenda kunawa. Mzee Tayabali hakupiga kelele. Aliweka katoni mezani, uzi ukiwa bado unaning'inia, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyefiwa.

"Mimi sitaita polisi," akasema. "Kila mtu ataapa kwa dini yake. Aseme, sikutia spiriti, sikuona, sikujua. Akiapa, nimekubali, tunarudi kazini."

Wambua aliapa upesi. Nekoye aliweka mkono juu ya Biblia, akamaliza maneno yote matatu. Hakunitazama.

"Mama," Mzee akaniambia, "sasa veve."

"Sikutia."

"Najua mkono yako. Sema yote tu. Neno tatu."

"Mzee, siapi."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu watoto wa siku hizi hawajui. Nilikuwa nimelishwa kiapo cha wapiganaji msituni kwa nguvu. Baadaye nikasimamishwa uwanjani, mbele ya hedimani na watu wote, nikalazimishwa kukitapika, yaani kukikana, kwa maneno niliyopewa. Mara mbili watu walichukua ulimi wangu wakautumia kama jembe la kuazima. Siku nilipobatizwa nilisema haitakuwa mara ya tatu. Ndiyo yangu ni ndiyo.

Hiyo ni kweli, na niliishikilia miaka mingi kama sababu. Lakini niandike yote. Kama ningeapa, neno la kwanza lingekuwa kweli, na mengine mawili yangekuwa uongo.

"Mama, nakuomba," Mzee akasema. "Wenzako wameapa. Mimi nitaambia Mombasa nini?"

"Uwaambie mimi, Warigia, nimesema sikutia."

Wambua akanong'ona, "Mama, sema tu, maneno ni upepo."

"Kama ni upepo, mbona mnayataka?"

Mzee alifunika macho kwa mkono. Kisha akachukua karatasi, akaandika, akanipa.

Jioni hedimani aliisoma barua ile langoni kwa sauti. Ilisema: ameachishwa kazi kwa jambo la spiriti. Akacheka mpaka akashika mti. "Atiriri! Kumbe mama wa kanisa anakunywa ya taa!" Kabla ugali haujaiva, kijiji kizima kilikuwa kimenilewesha. Asubuhi filimbi ilipolia nilikuwa kwenye matuta na jembe.

Wazee wa kanisa waliniita. "Ulikunywa?" Hapana. "Basi spiriti ni ya nini?" Nikanyamaza. "Nani alikuwa nayo?" Nikanyamaza. Jumapili hiyo nilitengwa na meza ya Bwana. Wakaandika katika kitabu cheusi cha washirika, kwa wino: Warigia, mke wa Ephantus, ulevi.

Nekoye alikuja mara moja, mwezi wa saba, na mkungu wa ndizi, mtoto mgongoni. Tuliongea kupitia miti ya ua.

"Mama Macharia, nitarudi nikamwambie Mzee. Halafu nije kwa wazee wako."

"Na kiapo chako?"

Akamshika mtoto mguu. "Kitanila mimi. Au kitamla huyu. Sijui."

Ningesema njoo. Neno moja, lango liko hapo. Lakini nilikuwa na matope mpaka magotini na wanawake wanatazama, na sikutaka kuonewa huruma na mtu yeyote.

"Nenda zako," nikamwambia. "Sihitaji shahidi."

Akaacha ndizi chini, akaenda. Walihamia kwao baadaye, sikumwona tena. Wambua alifariki, na duka lile sasa ni mahali pa kuuza magodoro.

Baada ya miaka miwili nilirudishwa mezani. Ile mistari haikufutwa. Nimeiona kwa macho yangu, siku nilipoenda kuandikisha kifo cha Ephantus, na kwa kuwa sasa najua kusoma, niliisoma yote. Mimi sijawahi kuonja kileo maishani. Nilificha kosa la mwenzangu na nikakaa kimya juu ya jambo la imani ya watu wengine. Kama ni dhambi, hiyo ndiyo dhambi yangu, nami naikubali kwa jina lake.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, kama ni mshirika wetu, usije kuniambia nimeandika vizuri. Jumapili baada ya ibada nenda ofisini, uitishe kitabu cheusi, ufungue mwaka wa hamsini na saba. Futa neno ulevi. Pale pale andika: alinyamaza. Kisha ulisome mbele ya watu, kwa sauti, nami nitakuwa nimeketi nikisikiliza.