Zamu ya Mama Isirukwe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na mpaka leo najikasirikia. (Usicheke nikikuita mwanangu. Mvi sina, lakini ujinga huu nimekutangulia.) Nilikuwa nimerudi Sumbawanga kutoka chuo kikuu, nikibishana na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Mama alikuwa amemaliza matibabu ya saratani. Titi moja lilikuwa limeondolewa, na daktari alisema anaendelea vizuri. Majirani wakaja, kila mmoja na lake: huyu na kikombe cha mizizi, yule na "Pole, nani kakuroga?" Nikachoka. Nikawa nawarudisha mlangoni: "Mama amelala." Mama hakuwa amelala. Alikuwa kitandani anatazama ukuta, maana hata ungo wa kupepetea ulezi nilimnyang'anya, asiuchoshe mkono.

Ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya, wale majirani wanaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Nikamwambia mwenyekiti, Mama Kalista, waturuke. Mimi, muulizaji wa kila kitu, sikumuuliza mama!

Jumamosi hiyo asubuhi mama akasikia nyimbo kwa jirani.

"Leo si kwetu?"

"Nimewaambia waturuke, mama. Upumzike."

"Hata marehemu, we binti, watu husali kwake. Mimi mzima umeniruka?"

Akajifunga khanga, akatoka. Nikamfuata nikinung'unika. Mama Kalista alipomwona akakatisha wimbo: "Haya, karibu, uliyelala mwezi mzima!"

Wakacheka. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali. Kisha akalia. Akasema anaogopa ugonjwa utarudi. Akasema kioo amekigeuzia ukutani. Mimi ninayelala naye nyumba moja sikujua, kazi yangu ilikuwa kumwambia "umepona, mama." Nikainuka nimnyamazishe. Mama Kalista akanivuta sketi.

"Kaa chini. Mama yako si bomba, uzibe kila kinachovuja."

Nikakaa. Jumamosi iliyofuata walisali kwetu, na ungo nikaurudisha.

Mwanangu, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyetoka kwenye ugonjwa muulize mwenyewe: nani aingie, nani arudi, leo anataka kupepeta au kulia. Usimharakishe kupona ili wewe upumue. Mizizi bado naikataa, hilo sijabadilika. Ila aliyeileta mwache aingie, mizizi ibaki nje.

Mungu akujalie watu wasioruka mlango wako, nawe akuzuie kuruka wa mwenzio.