Nilimnywesha Binti Yangu Kahawa Mpaka Akaanguka Chumba cha Mtihani

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Niacheni niseme, maana nikizidi kunyamaza nitapasuka!

Mimi ni muuza vitenge hapa Kasulu, ila kwetu ni Ujiji. Baba yangu alitembeza kahawa na birika lake mpaka uzeeni, nasi watoto tukakua tunainywa kama maji. Hata leo naweza kumaliza birika zima, kali, na nikiweka ubavu chini nakoroma. Nikadhani kila mtu yuko hivyo. Ujinga wangu ulianzia hapo!

Mume wangu ni Muha wa Kumsenga, kule Kibondo. Kwao wana mibuni nyuma ya nyumba. Wanachuma, wanauza, lakini kunywa hawanywi. Niliwacheka sana.

Mama mkwe akanijibu taratibu kama mwanawe, "Ikawa, hiyo kahawa yenu, hatuiwezi, mwana wanje. Inatutetemesha. Hata marehemu baba mkwe wako, kikombe kimoja tu, anakesha."

Mimi nikaona ushamba!

Binti yangu, nimwite Zuhura, alipofika kidato cha nne, nikajifanya mimi ndiye mwalimu mkuu wa nyumba. Akirudi shule anasinzia, namwekea kikombe. Akiamka, kikombe. Ananiambia, "Mama, moyo unanienda mbio." Namjibu, "Unaenda mbio kwa sababu akili inaamka. Kunywa!"

Hamu ya kula ikamtoka. Ugali anamega tonge moja, anasukuma sahani. Maharage hagusi. Midomo ikampasuka pembeni, vidole vikawa vinakufa ganzi, usingizi hapati. Mama mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nikaongeza kahawa! Nikasema anadeka, uvivu kaurithi kwa baba yake.

Mume wangu alijaribu. "Mama Zuhura, huyu mtoto kamfuata mama yangu. Mwache."

Nikamkata, "Wewe uliishia darasa la ngapi?"

Akanyamaza. Mpaka leo kuna siku namkasirikia kwa nini alinyamaza, halafu nakumbuka ni nani aliyemnyamazisha.

Siku ya mtihani wa hesabu, Zuhura aliamka uso umesawijika. Uji akaukataa. Nikasimama mlangoni na kikombe cheusi tii.

"Mama, tafadhali."

"Hujamaliza, hutoki!"

Akanywa amefumba macho. Mungu wangu!

Adhuhuri haijafika, mwalimu wake akaja dukani kwa bodaboda. Akaniambia Zuhura alitetemeka hadi kalamu ikamdondoka, akatapika juu ya karatasi, akaanguka. Wamemkimbiza hospitali. Niliondoka mbio, duka nikaliacha wazi. Njiani nikampigia mume wangu, tukakutana pale.

Daktari alimpima, akatugeukia. "Huyu binti anakula nini?"

Nikajibu bila aibu, "Anakunywa kahawa. Inamsaidia kusoma."

Akanitazama. "Mama, nimeuliza anakula nini."

Nikamtajia tonge moja la ugali.

Akatueleza kuwa kuna vitamini za kundi B, zinazopatikana kwenye maharage, mayai, dagaa na mboga, nazo ndizo zinazosaidia damu na mishipa ya fahamu. Kahawa ikizidi, baadhi ya vitamini hizo hupotea na mkojo. Sasa mtoto asipokula, cha kufidia kinatoka wapi? "Halafu watu hatufanani," akasema. "Kuna anayezaliwa na mwili unaoimaliza kahawa upesi. Mwingine akinywa asubuhi, jioni bado inamzunguka mwilini. Mambo hayo hurithiwa. Katika ukoo kuna watu kahawa inawasumbua?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, "Wapo. Kwetu."

Nikabisha tena! Nikadai kipimo cha kuthibitisha huo urithi. Daktari akasema hapo hawana, na wala hakuna haja, mwili wa mtoto umeshasema wenyewe muda mrefu.

Alipewa dawa, kahawa akaachishwa, akarudi kula. Midomo ikapona, ganzi ikaisha. Lakini mtihani haumsubiri mtu! Hesabu alifeli, na chuo cha uuguzi alichokuwa anakiota kikampita. Wenzake wameondoka, yeye anajiandaa kurudia.

Na hajiandai kwangu. Kahamia kwa bibi yake, Kumsenga. Nikipiga simu, "Shikamoo mama, mimi mzima, tutaongea baadaye." Juzi nikambembeleza arudi, nikamwambia kahawa siku hizi haipikwi kabisa ndani ya nyumba hii.

Akasema, "Mama, si kahawa. Mimi nilikwambia, hukunisikia."

Inanikera, jamani! Inanikera kwa sababu hakuna kilichofichwa. Mama mkwe alisema, mume wangu alisema, mtoto mwenyewe alisema. Nilisikia wote, nikawashinda wote kwa mdomo. Ushindi gani huu?

Wazazi wenzangu, sisemi kahawa ni sumu. Mimi dukani bado naagiza, na mwili wangu unaiweza. Ila usiupime mwili wa mwanao kwa mwili wako! Nusu ya damu yake imetoka kwa watu ambao huenda uliwadharau. Mlishe ashibe kwanza, habari ya kumchangamsha baadaye. Na akikwambia kitu hiki kinanidhuru, mwamini siku hiyohiyo, kabla hajachoka kukwambia.