Amina Niliyoificha

Nilipokuwa na miaka tisa, mama yangu alimwogopa mtu mmoja tu Kariakoo nzima, naye alikuwa rafiki yake. Mama Salha, mwanamke wa Kiarabu, aliuza manukato duka la pili kutoka letu la vitenge. Sisi Wachaga, wao watu wa pwani. Waliazimana mikasi, birika, hata wateja. Kisha mama akapata mimba, baada ya mbili kuharibika, akaificha ndani ya khanga asijue mtu. Wiki hiyohiyo Mama Salha akamletea tangawizi, ati ya kichefuchefu. Nani alimwambia? Tangu siku ile kila alichokileta kilimwagwa.

Jumapili moja Mama Salha akaniomba nimsindikize ng'ambo, Kigamboni. Kulikuwa na ghuba ndogo iliyojikunja nyuma ya mikoko, mawimbi hayaingii. Zamani vyombo vilijificha humo bahari ikichafuka. Watu walisema ina wenyewe. Ukiwa pale usiitikie lolote, maana ukiitikia wanaikamata sauti yako. Mama alikubali haraka mno, kisha akanivuta stoo.

"Mwangalie mikono. Sikiliza atamtaja nani. Na wewe usifungue mdomo, Neema. Ukiitikia kitu kule, nitakuchapa mpaka ukome."

"Ndiyo, mama."

Kwenye pantoni nilimkagua Mama Salha kama mgambo: kikapu, vidole, midomo. Aliponinunulia kashata niliitia mfukoni, sikuila, na nilikuwa na njaa kweli.

Ghuba ilinitisha kwa ukimya wake. Mtoto wa Kariakoo hajui kulala bila kelele, na pale maji yalitulia kama ya kwenye beseni. Mama Salha alivua viatu, akapiga hodi. Hodi, kwa maji! Akafukiza ubani, akanyunyiza marashi kwenye jiwe lililofungwa vitambaa vyeupe. Kisha akalitaja jina la mama yangu, nami nikatega masikio.

"Ya Rabbi, Mama Neema mpe mwanawe salama. Wawili wamekwenda, huyu mwachie."

Akanigeukia, machozi yanamtoka. "Itikia amina, mwanangu."

Nikaitikia. Ilinitoka yenyewe.

Mama alinisubiri mlangoni. "Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Nilijua! Nilijua mimi!"

Hakuuliza zaidi. Nilitaka kuendelea, naapa nilitaka, lakini dua ile ilikuwa na mkia, na mkia wenyewe ni amina yangu. Nikiutoa, fimbo. Nikaila kashata yangu kimyakimya.

Mwezi haukuisha tukahamia Ilala. Imani akazaliwa mzima, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Mama Salha alituma marashi na kanzu ndogo nyeupe. Marashi yalimwagwa chooni, kanzu ikachomwa. Hawakusalimiana tena mpaka Mama Salha akazikwa, na mazikoni mama hakwenda.

Mwaka jana, siku ya kumuaga Imani akiolewa, nilimtazama mdogo wangu akicheka, nikashindwa. Nikamvuta mama pembeni, nikamweleza yote. Aliviringisha ncha ya kitenge kidoleni.

"Lakini alijuaje nina mimba?"

"Mama, mlikuwa mnakula samaki wa Feri pamoja kila Ijumaa. Ghafla ukawa hutaki hata harufu yake."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Ungeniambia tu. Ningekuchapa viwili, yakaisha."

Mambo ya mizimu siyajui, na mpaka leo nikivuka Magogoni kwenda Kigamboni siitikii nikiitwa. Lakini sauti yangu haikukamatwa na ghuba. Nilirudi nayo nzima mjini, nikaifungia mdomoni mwangu kwa kuogopa fimbo, na wanawake wawili waliopendana wakaishi mji mmoja kama maadui. Hilo haliwahusu wenyewe wa majini. Linanihusu mimi.