Vidonge vya Bibi Harusi Mwembamba

Bado naikumbuka, mwanangu, ile asubuhi niliyotaka kuinuka kitandani na miguu ikanikatalia. Nilikuwa bibi harusi niliyewekwa ndani, nyumbani kwetu Kyebando, na harusi ilikuwa imekaribia kiasi kwamba mbuzi walikwisha kufungwa uani. Niliwasikia wakilia. Nikajaribu kumwita bibi yangu, sauti ikatoka ndogo kama ya mtu aliye chumba cha tatu.

Ngoja nikueleze kwanza huku kuwekwa ndani, maana nyinyi wa leo mnaolewa Jumamosi na Ijumaa bado mko sokoni. Kwetu sisi Wanubi, msichana aliyeposwa, siku zikikaribia, hatoki nje. Hapiki, hafui, jua halimwoni. Anasuguliwa mwili kwa sandali na mafuta, anafukizwa udi mpaka nywele zinanukia, na analishwa. Wee, analishwa! Kisra, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi wa bamia, uji wa maziwa, nyama, halafu uji tena. Siku ya kutolewa, wanawake wa upande wa mume wanakuja, ngoma ya doluka inapigwa, na wewe unatoka na gurbaba yako mpya, ile nguo yetu ya kujifunga, wakutazame wote kuanzia unyayo hadi utosi. Nikivuta pumzi sasa hivi bado nausikia ule udi. Wasichana wenzangu walikaa mlangoni wakisuka vile vifuniko vyetu vya rangi vya kufunikia chakula, wakinitania, na mimi nimelala kama malkia. Sijawahi kupumzika namna ile tena maishani, na nyumba ile siku hizi imevunjwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha.

Basi mimi nilikuwa mwembamba tangu utotoni. Haboba wangu (ndivyo tunavyomwita bibi), mama yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na alizoea kusema kwamba chakula ninachokula kinamshibisha jirani. Nyumbani ulikuwa ni utani tu. Lakini zile zilikuwa enzi za silimu, mwanangu. Hivyo ndivyo watu wa Kampala walivyouita ukimwi, kwa sababu ya ule ukondefu wake. Dawa hazikuwapo. Mtu akipungua mwili, majirani hawakumuuliza ana nini, walinyamaza tu akipita. Na mimi nilikuwa naenda kusimama mbele ya ukoo mzima wa watu wengine nikiwa na mabega yanayochomoza. Niliogopa. Niliota narudishwa kwetu.

Mama yangu mdogo, Sauda, ndugu wa marehemu mama, aliiona hofu yangu kabla ya wengine wote. Alikuwa muuza vitambaa, mcheshi, mikono yake haijui kutulia. Tangu posa ilipopokelewa, miezi mingi kabla sijawekwa ndani, alianza kuniletea vidonge vidogo kutoka duka la dawa pale senta ya Kyebando. Muuzaji alimwambia ni vya kuleta hamu ya kula, na kwamba mabibi harusi wengi wanavimeza.

“Kunywa asubuhi na jioni,” aliniambia. “Kale, haya, mwenyewe utaona. Hata kukufunga gurbaba itakuwa kazi.”

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alinipenda, na alitaka nisiaibike.

Na kweli nilinenepa. Uso ulijaa mpaka macho yakawa madogo. Tumbo likatoka, nyama ikapanda nyuma ya shingo, ingawa miguu na mikono ilibaki vijiti vilevile. Nilikula kilichokuwa changu na cha wageni. Usingizi ulipungua, moyo ulikuwa ukinidunda bila sababu, leo nacheka hovyo, kesho nalia kwa sababu ya kijiko. Watu walifurahi. Kila aliyeingia alinifinya shavu akasema mashallah, na mimi niliamini kwamba hiyo ndiyo afya.

Haboba peke yake hakufurahi. Yeye ndiye aliyekuwa akinisugua mgongo, na mikono yake ilinijua. Siku moja aliona michirizi ya zambarau tumboni na madoa meusi mikononi, mahali aliponishika kwa upole tu siku iliyotangulia. Aliacha kusugua. Akaniuliza, nikamwambia, na nilimwonyesha kopo lilipo, chini ya mto.

Haboba hakuwa mwanamke wa kelele. Alikaa chini kwenye mkeka, mafuta yakimkauka mikononi. “Mwili iko na mwendo yake,” alisema. “Mimi nakupa chakula, Mungu atakupa nyama akitaka. Sasa nani alikuambia wewe na haraka?” Kisha akalichukua lile kopo akaenda kumwaga vidonge vyote chooni, na tangu siku hiyo sikumeza hata kimoja.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapopotea. Haboba alikuwa na haki ya kukasirika, na maneno aliyonipa yalikuwa ya kweli. Alikosea hapo tu pa kuvitupa vyote kwa mara moja, na nani angejua? Hata mimi ningevitupa. Siku chache baadaye mwili ukaanza kuniacha. Uchovu, kichefuchefu, tumbo kuuma, kizunguzungu nikikaa. Halafu malaria ikanikuta hapohapo, malaria ya kawaida tu niliyowahi kuugua mara nyingi nikicheza na homa mwilini. Ndiyo asubuhi ile ambayo miguu ilikataa.

Walinibeba hadi hospitali. Nilikuwa nasikia kila kitu, ila kufungua macho kulinishinda. Daktari alikuwa mwanamke wa Kiganda, na Kiswahili chake alikipata kwa wanajeshi alipofanya kazi kwenye kambi yao, kwa hiyo kila neno lilimtoka kama amri. Walinitundikia maji, wakanipa dawa ya malaria, na bado presha ilizidi kushuka. Nilimsikia akizunguka kitanda.

“Maji naingia, presha hapana panda,” alisema. “Hii si malaria peke yake. Huyu alikuwa nakunywa dawa gani?”

Kimya.

“Sema, nyabo, mama yangu. Mimi si polisi.”

Mwanangu, kimya kile kilikuwa na sababu. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Ramadhani, mama wa mchumba wangu. Alisikia bibi harusi wa mwanawe anaumwa, akaja mbio. Sasa fikiri, katika miaka ile, mbele ya mkwe, useme kwamba msichana alikuwa akimezeshwa vidonge ili aonekane mnene. Angeelewa nini, ila kwamba tunamfichia silimu? Posa ingevunjika pale pale, na habari ingeenea Kampala nzima kabla hatujafika nyumbani. Mama mdogo Sauda, aliniambia baadaye, alitazama chini. Nilitaka kusema mimi mwenyewe, ulimi ukawa mzito. Nilijua kwamba nakufa, na nilijua aibu ndiyo iliyowafunga midomo.

Haboba ndiye aliyesema. Na nikwambie, huyu alikuwa mwanamke ambaye heshima ya nyumba yake aliilinda kuliko macho yake. Hakuwahi kumruhusu mtu ajue hata kwamba sukari imetuishia.

“Daktari, alikuwa nameza vidonge ya kunenepa. Miezi mingi. Juzi mimi mwenyewe nilitupa yote kwa choo.” Kisha nikamsikia akigeuka kuelekea mlangoni. “Umesikia, mukwe. Kama unataka kuchukua kijana yako, chukua. Mimi nataka wangu apumue.”

Mama Ramadhani aliondoka. Daktari alikuwa ameshaagiza sindano.

Sindano ile ilinirudisha. Kabla jua halijazama nilikuwa nimekaa, nimeegemea mto, naomba chai. Na ndipo daktari akavuta kiti akatueleza. Juu ya kila figo, alisema, pamekaa tezi ndogo, huwezi kuigusa wala kuiona, wanaiita adrenali. Ndiyo inayotengeneza homoni ya kukuamsha asubuhi na kuishikilia presha isianguke. Ukipata homa, ukiumia, ukishtuka, ukiwa na hofu, inaongeza kazi ili mwili usimame. Vidonge vile vilikuwa na dawa iliyofanana na homoni hiyohiyo, na sindano aliyonipiga pia. Ni dawa nzuri kwa mgonjwa wa pumu au wa viungo, daktari akimpimia. Kwa mtu asiye na ugonjwa, ni balaa.

“Tezi yako naona kazi imefanywa na mutu mwingine,” aliniambia, “basi inalala. Nyinyi natoa vidonge yote siku moja. Tezi bado nalala. Malaria naingia. Nani atasimama?”

Haboba akauliza ni lini itaamka. Daktari akasema polepole, kwa miezi. Akanirudishia dawa ileile, safari hii kwa kipimo chake, akawa anaipunguza kidogo kidogo. Ikawa kichekesho chetu: Haboba aliyevitupa chooni ndiye aliyenipa kwa mkono wake kila asubuhi, akisubiri nimeze, huku akiviangalia kama anayeangalia nyoka.

Harusi tukajua imekufa. Mbuzi walifunguliwa. Mama mdogo Sauda hakula vizuri, alijilaumu hata nikamwonea huruma.

Basi mchana mmoja Mama Ramadhani akaja Kyebando, peke yake, bila kutuma habari. Hakukaa hata alipowekewa mkeka. Alimuuliza mama mdogo Sauda, “Hizo vidonge ilikuwa namna gani?”

“Ndogo, nyeupe. Chungu, lazima ulambe sukari nyuma yake.”

Yule mama akajifunika mdomo kwa upindo wa nguo yake. Ndipo akakaa. Alikuwa na binti, Salima, dada mkubwa wa Ramadhani. Salima aliolewa akiwa amejaa mashavu, na mama yake mara nyingi alimkuta akilamba sukari kiganjani, akamcheka kwa utoto wake. Alipokwisha kuingia kwa mumewe aliacha kulamba, maana harusi ilikuwa imepita. Akaanza kutapika. Akakonda. Akaanguka, na hakuinuka.

“Sisi tulisema silimu,” alisema Mama Ramadhani. “Bwana yake alisema silimu. Hata kumuosha, watu walivaa mifuko ya nailoni kwa mikono. Mimi pia nilivaa. Mutoto yangu, nikamushika na mufuko.”

Akamtazama Haboba kama mtu anayeomba hukumu. Haboba angeweza kumfariji kwa uongo, kwamba hakika ni vidonge au hakika si vidonge. Alimwambia, “Pengine ni hiyo. Pengine si hiyo. Hakuna mutu alisema, basi hatuwezi kujua.” Halafu akasogea, wakakaa bega kwa bega, wakalia, na mimi nililia nao.

Niliolewa na Ramadhani mwaka uliofuata, nikiwa na mabega yangu yanayochomoza, na Mama Ramadhani ndiye aliyenifunga gurbaba. Waliotaka kunong’ona walinong’ona. Mimi nina wajukuu sasa, wao wana makaburi yao, Mungu awarehemu, kwani hawakujua.

Sasa mwanangu, nakuona unavyotazama simu. Vidonge vile havikwenda popote. Vinauzwa humo humo, vina picha za wanawake wenye makalio, na siku hizi vipo hata vya kupaka, krimu za kung’arisha ngozi ambazo nyingine zina dawa hiyohiyo, na wavulana nao wanajidunga sindano za kujaza kifua, sijui ndani mna nini. Usimeze kitu ambacho muuzaji wake hawezi kukuambia jina lake na kazi yake. Na kama umekwisha kuanza, tafadhali, usikitupe chooni kama sisi. Nenda kwa daktari, akushushe taratibu.

Na hofu nayo uipunguze. Zile tezi zangu zililala kwa kufanyiwa kazi na dawa. Zako naona hazipati kulala kabisa. Deni, kazi, maneno ya watu, unavizungusha kichwani hata ukiwa unakula. Mwili haujui kuwa ni maneno tu, unadhani kuna simba, unapandisha presha na sukari, unakunyima usingizi. Lala. Kula umekaa. Mtu akikuambia umekonda, mwambie ndivyo nilivyo, au nenda ukapimwe, yote mawili ni majibu.

Ila nikibakiwa na pumzi ya neno moja tu, nitakuambia hili: daktari akikuuliza umekunywa nini, sema. Awepo mkwe, awepo imamu, awepo padri, wewe sema. Mimi nipo kwa sababu mwanamke mmoja aliikubali aibu mbele ya watu. Salima hakupata mtu wa kumsemea, na mama yake alimwosha kwa mifuko ya nailoni.

Mungu akupe mwili wako uupende kama ulivyo. Akupe watu wa kuwaambia ukweli, na akupe ulimi wa kuwaambia mapema. Amin.