Fundi Presha na Kiti cha Mama Yake

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Fundi Presha. Jina kajitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita dawa yake ni moja: bomba limeziba, ongeza presha, linanuka, ongeza presha. Wateja wanamsifu, na sifa zimempanda kichwani.

Tunaishi na mama yake. Vidole vyake vilipokunjika kwa baridi yabisi, hakuweza tena kujisafisha chooni, ikabidi nimsaidie mimi. Mkwe kumwosha mama mkwe! Mama hakulalamika, ila aliacha kunywa. Ukimmiminia chai anasema ameshiba. Midomo ikakauka, choo kikawa kigumu, na mimi nikaumia rohoni.

Ndipo fundi akaleta kiti cha choo chenye kibomba ndani yake. Unabonyeza kitufe, maji ya uvuguvugu yanakuosha. Haki yake simnyimi, siku ile nilimpenda upya. Mama akarudia vikombe vyake viwili vya chai, na chooni akawa anaenda mwenyewe, mlango kaufunga.

Tatizo, fundi naye kikamnogea. Asubuhi, mchana, jioni, hata akiwa hana haja. Kiti kina nguvu ya maji kuanzia moja hadi tano. Yeye ni tano tu, maji ya moto, na sabuni juu.

"Bomba halisafishwi kwa kubembelezwa," ananiambia.

Mwezi wa pili tangu kiti kije, akaanza kukalia upande mmoja. Kule nyuma kunamwasha. Akadhani hajatakata, akaosha zaidi, na kadiri alivyoosha ndivyo kulivyowasha. Jioni moja akatangaza mezani, "Kiti hiki kibaya. Kesho naking'oa kabla hakijamdhuru mama yangu."

Asubuhi mama akasukuma kikombe chake pembeni. Ameshiba.

Nilikasirika, lakini nikabaki pia najiuliza: kiti kimoja, maji yale yale, mbona kinamfaa mmoja na kumtesa mwingine? Nikamfuata mama chumbani kumuuliza anakitumiaje.

"Namba moja," akasema. "Nikishajisaidia nahesabu hadi kumi, najikausha kwa kitambaa, natoka. Kwani kuna zaidi?"

Nikamkokota mume wangu hadi zahanati. Nesi alipomaliza kumwangalia, akamuuliza anajiosha mara ngapi.

"Sita, saba," akajibu kwa majivuno, kama anayetaja idadi ya nyumba alizojenga. Akaeleza na ile namba tano, na moto, na sabuni.

"Fundi, mpira wa koki ukipigwa maji ya moto kwa nguvu kila siku, mwaka mzima, unakuwaje?"

"Unakauka. Halafu unapasuka."

Nikaona neno linavyomwingia.

"Ngozi ina mafuta yake, wewe umeyaosha yote," nesi akasema. "Tumia maji ya kawaida, nguvu ndogo, muda mfupi, tena ukishajisaidia tu. Sabuni acha. Jikaushe taratibu. Wiki mbili zikipita bado unawashwa, rudi."

"Na mama yangu? Naye anakitumia."

"Anawashwa?"

Hakujua. Kiti cha mama alitaka kuking'oa, mama mwenyewe hajamuuliza.

Tulimkuta mama amerudi mezani, chai imepoa imefanya utando, spana ya fundi iko kando tangu asubuhi.

"Mama, kile kiti kinakuwasha?"

"Hapana, mwanangu."

"Mbona basi hunywi?"

Mama akaitazama spana. "Si unaking'oa? Nikinywa nitakwenda chooni. Nikienda, mkeo ndiye atakayeniosha. Bora nikae na kiu."

Miezi ile ya kabla ya kiti, mume wangu alidhani mama yake hapendi chai tu. Akairudisha spana kwenye mfuko wa kazi, akamwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine, akamshikia kikombe kwa mikono miwili kwa sababu vidole vya mama havifungi.

Mama akanywa yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Mkwe wangu, niongezee."