Mtu wa Njumu Aliyetaka Kupangwa

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja tu: kidonda cha Athumani kilitoka kwa Mungu, au kilitoka kwenye vidole vyangu? Nililipindua kitandani huku na huku mpaka kunakucha. Cheka ukipenda. Mimi mwenyewe ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwambia akapumzike. Lakini haya yalinipata mimi, Changamwe, miaka ya tisini ikianza, na ushahidi wake ninao mwilini. Nitakufikisha huko.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Mjomba wangu alikuwa na ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, akaniweka humo nipokee simu jioni, wenzangu wakishaondoka. Ndani ya ofisi hiyo mlikuwa na kompyuta. Na baharia mmoja, mteja wa mjomba, alikuwa ameacha disketi ya mchezo wa kuongoza timu ya mpira.

Kama hujawahi kuucheza, nikueleze. Mpira wenyewe huuchezi. Wewe ni meneja. Unanunua wachezaji, unauza, unapanga kikosi, kisha unakaa kutazama maandishi yakipita kwenye kioo: fulani apata mpira, fulani apiga, nje! Hakuna picha ya maana. Lakini moyo, wallahi, unadunda kama uko uwanjani. Mimi niliyekataliwa na kila ofisi Mombasa, pale nilikuwa naajiri na kufukuza. Nikishinda nilisimama juu ya kiti. Nikisawazishiwa dakika ya mwisho na timu isiyo hata na kipa wa kueleweka, nilipiga meza mpaka mkono wa simu ukaanguka. Halafu nikaanza upya, nimenuna, kama mtu aliyelazimishwa.

Timu yenyewe ilikuwa ya Waingereza, majina yao yanakwama kooni. Mchezo uliruhusu kuyabadilisha, basi nikayafuta yote, nikawaandika vijana wa timu ya mtaa wetu, Chaani. Na hapa ndipo nilipokosea. Kwetu, katika kichochoro kimoja utawakuta kina Athumani tele. Ukitaka kumtaja mmoja, unamtaja na mamake. Nikaandika hivyo hivyo: Athumani Mwanasha, Salim Riziki, Juma Bahati. Athumani huyo ni mtoto wa khalati yangu Mwanasha, dada wa mama, tuliishi nyumba moja, winga wa kushoto. Nami sikujisahau. Nilijiandika namba kumi, nahodha, kwa jina la mama yangu, mimi ambaye mpira ukinijia nafumba macho.

Sasa, mtu yeyote wa mpira wa mitaani hapa pwani anajua kwamba kikosi hakitajwi kabla ya mechi. Hata mke wa kocha haambiwi. Jina la mchezaji pamoja na la mamake likifika kwenye masikio mabaya, litafanyiwa kazi ya uchawi. Nilijua hayo tangu utotoni. Lakini kompyuta ina masikio? Nilikuwa na digrii, nikajiambia haina.

Vijana walipita ofisini kuulizia hali zao. "Leo umenipanga?" "Umenitia benchi tena? Kwani nimekula cha kwenu?" Athumani ndiye aliyenitania zaidi: "Kaka, ukiniuza Ulaya nitumie japo viatu!" Wakati huo alikuwa ameitwa kujaribiwa na klabu kubwa ya kisiwani Mombasa. Khalati alishawatangazia majirani wote. Nyumba nzima iliutegemea ule mguu wake wa kushoto.

Jioni moja, jua linataka kuzama, nikasikia ka, ka, ka kwenye saruji. Mtu ameingia bila hodi. Amevaa njumu, viatu vya mpira, tena zina matope mabichi, na tulikuwa katikati ya kiangazi. Jezi yake ilipauka hata rangi haijulikani. Lakini kilichonifikia kwanza ni uvundo. Unalijua jaa la taka la Kibarani, upepo ukigeuka? Basi ule, ila wa moto, unatoka kwenye mwili wa mtu. Muundi wake wa kushoto ulifungwa kitambaa kilicholowa manjano, na kila akikanyaga, kitu kilitiririka kikaingia ndani ya soksi.

"Shikamoo," nikasema, kwa woga kuliko adabu.

"Marahaba, mwanangu. Wapanga?"

Hakungoja jibu. Akavuta kiti, akapenga kamasi kwa vidole, akavifuta kwenye ukingo wa meza ya mjomba. Kisha akatazama kioo. Tulikuwa tumepata penalti. Athumani akapiga. Nje! Nikatukana.

"Huyo mzito," akasema. "Mtoe, nipange mimi."

"Nikupange wapi, mzee? Hii ni kompyuta."

"Hapo." Akanyoosha kidole, na tone likadondoka kutoka kwenye ukucha wake, likatua kati ya herufi za kibodi. Nilipojaribu kulifuta likavutika kama ute wa yai.

Ungefanya nini? Mimi nilitaka aondoke tu nifungue madirisha. Isitoshe, nilikuwa na hasira na Athumani, yule wa kwenye kioo. Nikamuuliza mgeni jina lake.

"Mbwana."

"Mbwana wa nani?"

Akacheka, meno yake yana utando wa kijani. "Aliyenizaa hakuna tena amkumbukaye. Andika Mbwana, basi."

Nikamfuta Athumani Mwanasha, nikaandika Mbwana. Akainuka, ka, ka, ka, akaenda zake. Nilisugua meza kwa spiriti mpaka rangi ikabanduka.

Na kinachonichukiza kuliko usaha ule ni hiki: nilifurahi. Mbwana alifunga kila mechi. Tukapanda daraja. Nilikaa juu ya kiti kile kile alichokalia, uvundo wake umeshika kwenye kitambaa cha kiti, nacheka peke yangu kama mwehu.

Mpaka nilipofika nyumbani siku moja nikamkuta Athumani ukumbini, mguu uko kwenye beseni, khalati anamwosha kwa maji ya chumvi.

"Hakuanguka, hakupigwa," khalati akasema. "Hiki kimetoka wapi?"

Muundi wa kushoto. Nyama imefunguka, kingo zake nyeupe, katikati manjano. Nilipoinama harufu ilinipiga, ile ile, nikakimbilia uani nikatapika. Khalati akaona ninamwonea mwanawe kinyaa.

"Huo usomi ndio umekuharibu pua?" akanifokea kutoka ndani.

Zahanati walimchoma sindano, wakamnyunyizia unga wa dawa. Kidonda kikazidi kuchimba, na siku ya majaribio inakaribia. Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Ni bahati mbaya tu, nikajiambia, vidonda hutokea. Lakini mguu ule ule? Mahali pale pale? Kwa harufu ile ile? Nilijibishana na nafsi yangu mpaka nikajichukia.

Nikarudi ofisini kumtoa Mbwana. Nikajaribu kumuuza, kioo kikaandika: mchezaji huyu amekataa kuondoka. Waliocheza wanajua kuwa wachezaji hukataa, ni kawaida ya mchezo. Nikamfuta jina, likarudi. Nikafungua mchezo niliouhifadhi kabla ya yeye kuja. Alikuwemo humo pia, na magoli tayari anayo.

Ka, ka, ka.

Safari hii hakuwa na kitambaa. Muundi ulikuwa mkavu, laini, unang'aa kama wa mtoto mchanga. Jezi ilianza kurudi rangi. Uvundo ulibaki kwenye pumzi tu, naye aliniinamia karibu mno.

"Ahsante, mwanangu. Nimekaa nje zama na zama."

"Mrudishie Athumani mguu wake."

"Mimi sikumwendea. Wewe ndiwe uliyemtaja kwa mamake, kisha ukamfuta. Atokaye hubeba kidonda changu. Kwani hukujua? Na wewe msomi!" Akatema mate mazito sakafuni, karibu na kiatu changu. "Wataka arudi? Mtoe mwingine. Mimi sitoki."

Kikosi kilikuwa kimejaa. Nikayapitia majina. Salim Riziki: mamake mjane, auza mahamri, na asubuhi ngapi nimekula bila yeye kunidai? Juma Bahati ni mwizi wa kuku, mtaa mzima unamjua, lakini Bi. Bahati ndiye aliyenishonea shati nililokwenda nalo chuo. Kila jina lilikuwa na mama nyuma yake, amesimama ananitazama. Adhana ya magharibi ikaanza kusikika. Mgeni akajiinamia kukaza kamba za njumu zake, hana wasiwasi.

Nikashuka hadi namba kumi. Nikajifuta. Nikaandika Athumani Mwanasha.

Kulipokucha, Athumani aliamka kidonda kimekauka, akauliza kama chai ipo. Alikwenda kujaribiwa, akachukuliwa, na khalati akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Disketi niliikata kwa mkasi nikaenda kuitupa Kibarani, nimeziba pua. Yule mtu sijamwona tena. Ila mara nyingine mechi ikichezwa Chaani, huja mtu akaniambia kulikuwa na winga mgeni, hodari ajabu, hakuna ajuaye ni mtoto wa nani. Huwa siulizi zaidi.

Mimi navaa suruali ndefu, jua liwe kali namna gani. Kitambaa nakibadilisha asubuhi na jioni, na kila nikikibandua natapika, kwani mtu hauzoei uvundo wake mwenyewe, usidanganywe. Jioni khalati akipita ukumbini husimama, akanusa, akauliza panya amefia wapi. Mimi humjibu kwamba sisikii kitu, usomi umeniharibu pua. Basi hucheka, akaenda kutafuta chini ya kabati.

Wewe cheza mchezo wako, sikukatazi. Nunua, uza, panga, piga meza. Lakini waache Waingereza na majina yao, usiandike mtoto wa mtu kwa jina la mamake. Na ukisikia njumu kwenye saruji wakati wa kiangazi, zima kompyuta kabla mwenyewe hajavuta kiti.