Kitambaa Changu Kwenye Mazishi ya Odhiambo

Wacheni nijicheke mimi kwanza. Dawa ya akili ninayomeza imenyamazisha zile sauti kichwani, lakini mate yananitoka kama ng'ombe aliyelamba chumvi, kwa hivyo natembea na kitambaa mdomoni. Hapa Rodi Kopany hakuna anayeketi karibu nami. Wa kulaumiwa ni kaka yangu Odhiambo, aliyenifunga kamba mbele ya watu, na mkewe Akinyi, aliyenitengea kikombe cha peke yangu.

Juzi tulimzika Odhiambo. Sikulia hata kidogo. Lakini mama mmoja mgeni kutoka Rongo aliona kitambaa kimelowa, akaketi kando yangu, akanishika mkono.

"Pole, jaduong', mzee wangu. Ulimpenda sana."

Nikauacha mkono wangu mkononi mwake. Nani alinishika mkono mara ya mwisho? Sikumbuki.

Basi akapaza sauti: "Huyu ndiye mwenye uchungu, apewe maikrofoni!" Tukasimama pamoja, bado amenishika. Nikatoa kitambaa mdomoni nikasema, "Kaka yangu," mate yakamwagika mpaka kwenye maikrofoni. Macho yangu makavu kabisa.

"Si niliwaambia msimkaribie?" Akinyi akasema.

Yule mama akaniachilia, akapangusa mkono wake kwenye gauni.